Kadi Iliyokaa Kwenye Yasin

Kwa miaka yote niliyokuwa nikienda Kanyenye likizo, kadi ile ilikuwa ndani ya msahafu wa mjomba, imekaa kwenye Yasin. Ni kadi ngumu ya rangi ya krimu, ambayo uzee umeigeuza rangi ya chai ya maziwa, ndefu kuliko noti ya elfu kumi, imejaa vitundu vidogo vya mstatili. Tulipokuwa watoto tulikatazwa kuigusa. Hatukuuliza sababu. Mimi niliamini ni dua. Mtoto akikuta kitu ndani ya msahafu, kina matundu, na kimekatazwa kuguswa, ataamini nini kingine?

Juzi juzi tu ndipo nilipojua kwamba ile ni mali ya ofisi, na kwamba mjomba aliondoka nayo Dar es Salaam bila ruhusa ya mtu.

Ilianza na kazi ya kawaida. Mhariri wangu alitaka makala ya maneno 800, nyepesi, ya kuchekesha kidogo, kuhusu jinsi Tanzania ilivyowahi kuzuia kompyuta. Habari yenyewe ni ya kweli. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500. Jina lilikuwa la Kiingereza lakini chuma chenyewe kilitoka Marekani: ilikuwa RCA 301 iliyobadilishwa jina na Waingereza wakaiuza kama yao. Kufikia 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Saba, ndugu msomaji. Leo ukipanda daladala moja ya Mbagala unazo zaidi ya hizo mifukoni mwa abiria, tena zenye nguvu mara nyingi zaidi. Kisha mwaka huohuo 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake. Aliyetaka ilibidi aombe kibali maalumu, na mlango haukuanza kulegezwa mpaka miaka ya 80.

Sababu ilikuwa hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 60 serikali ilijaribu kuhamishia hesabu zake kwenye mashine. Mradi ukakwama, vitabu vikavurugika, fedha zikapotea, watu wakarudi kwenye kalamu na leja. Nilisoma maandishi ya wasomi wetu, akiwemo Klodwig Mgaya, aliyeiandika historia hii vizuri, na ripoti nyingine za zamani zilizopigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Karibu zote zinataja kutegemea wataalamu wa kigeni. Na karibu zote, mahali fulani, zina sentensi moja inayofanana: upungufu wa ujuzi kwa wafanyakazi wazawa. Nami nikaiandika. Ilikuwa aya yangu ya nne, na nilikuwa nimeongeza na utani juu yake, kuhusu karani anayeibonyeza mashine kama anapiga kinanda cha kanisani.

Nikampigia mama simu kwa mambo mengine kabisa. Nikamwambia naandika nini. Akasema, "Si umuulize kaka yangu? Yeye ndiyo alikuwa anazipanchi hizo kadi."

*

Kanyenye ni kata ya mjini Tabora, na kama wewe ni mtu wa vitabu kuna jambo la kukuonya. Ukitafuta jina hilo katika vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 utalipata, utafurahi, halafu utagundua kwamba unasoma habari za mahali pengine. Kanyenye ya Stanley ni ya Ugogo, huko karavani zilikokuwa zikilipa hongo kabla ya kufika Unyanyembe. Mimi nilipoteza nusu siku hapo nikidhani nimeiona mitaa ya mjomba. Kwetu sisi vitabu vinapaita Kazeh, alipofikia Burton na Speke mwaka 1857, na Kwihara, alipokaa Stanley mwaka 1871 akijiandaa kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone.

Vitabu hivyo vimejaa malalamiko juu ya wapagazi. Walitoroka, waliiba, walikuwa wavivu, walidondosha mizigo mtoni. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 30, kutoka pwani mpaka Unyanyembe. Sijawahi kukutana na kitabu ambamo mpagazi analalamika juu ya Burton.

Nilifika alasiri. Mjomba alikuwa barazani, kwenye kiti chake cha kamba, uso ameuelekeza kwenye mwembe ingawa nadhani mwembe wenyewe hauoni vizuri tena. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia alishafanyiwa, la kushoto bado anaahirisha.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na treni?"

"Nimekuja na basi."

"Basi!" akasema, kama nimemwambia nimekuja kwa miguu. Kwa mtu wa Tabora wa umri wake, treni ndiyo usafiri, vingine ni vurugu. Reli ilifika hapa mwaka 1912, na njia panda ya Kigoma na Mwanza ndiyo iliyoufanya mji. Yeye mwenyewe aliondoka hapa kwa gari moshi mwaka 1969, ana miaka 22 na cheti cha shule, akaenda kufanya kazi kwenye ofisi moja Dar es Salaam ambayo sitaitaja.

Shangazi akaleta chai na sahani ya matobolwa. Nikawasha kinasa sauti. Niliandaa maswali kumi na mbili. Nadhani nilifika la pili.

*

Watu wanapofikiria programu za zamani wanafikiria skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani. Mjomba hakuwahi kuona skrini. Kwenye chumba chao kulikuwa na wasichana na vijana kumi na moja, kila mmoja na mashine yake ya kupanchi, kelele kama mvua ya mawe kwenye bati. Upande wa kushoto unaweka fomu iliyojazwa kwa mkono na ofisi iliyohusika. Macho hayatoki kwenye fomu. Vidole vinajua njia. Kila herufi unayobonyeza, mashine inatoboa kadi na kuisogeza safu moja. Kompyuta yenyewe ilikuwa chumba kingine, chenye baridi, na wao hawakuruhusiwa kuingia. Aliiona mara mbili. Mara ya kwanza walipopelekwa kutembezwa, mara ya pili alipotumwa kupeleka chai.

"Chai ikaishia mlangoni," alisema. "Walisema mvuke."

Vipande vidogo vilivyotoka kwenye matundu vilikusanyika chini ya mashine kwenye kisanduku. Vijana walivichukua kwa mifuko, wakawarushia maharusi. Baadaye wakakatazwa: vilikuwa na kona kali, na bibi harusi mmoja wa Magomeni aliingiwa na kimoja jichoni.

Nilimuuliza kama aliwahi kuandika programu. Akacheka. Akasema programu nazo zilikuja kwenye fomu, mstari mmoja kadi moja, na wao walizipanchi kama walivyopanchi mishahara. Aliyekuwa ameandika alikuwa Mwingereza mmoja mrefu. Lugha ilikuwa COBOL, ile iliyotungwa Marekani mwaka 1959 ili hesabu za biashara ziandikwe kwa maneno yanayofanana na Kiingereza cha kawaida. Baada ya miezi sita ya kuipanchi, mjomba akaanza kuielewa. Baada ya mwaka akaanza kuona makosa: nukta iliyosahaulika mwishoni, jina lililoandikwa hivi hapa na vile kule. Mwanzoni alimwendea Mwingereza na kumwonyesha. Mara ya tatu akaambiwa kazi yake ni kupanchi kilichoandikwa, kama kilivyoandikwa.

"Basi nikawa nakipanchi," akasema.

Hapo nikaikumbuka ile aya yangu ya nne, na kinanda cha kanisani. Nikanywa chai.

*

Jambo lenyewe lilitokea mwaka 1971. Alilieleza bila kupandisha sauti, akichagua matobolwa kwenye sahani kwa kupapasa. Mwezi mmoja kibarua wa Tanga aliyestahili shilingi 261 alilipwa 621. Kibarua akachukua, akaondoka, hakuonekana tena, na mimi binafsi simlaumu. Ukaguzi ulipokuja, kosa likaonekana. Msimamizi akasema ni la mpiga kadi: kageuza tarakimu. Mpiga kadi alikuwa mjomba. Akakatwa mshahara miezi mitatu, kisha akaambiwa nafasi yake haipo. Akarudi Tabora kwa gari moshi lilelile.

Miaka mitatu baadaye akasikia redioni kwamba kompyuta zimezuiwa. Alikuwa karani wa mnunuzi mmoja wa asali, anapima madumu.

"Walianza kunifukuza mimi," akasema. "Mashine ikafuata."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kisha akamwita shangazi alete msahafu. Akaifungua Yasin bila kuangalia, akatoa kadi, akanipa. Ndiyo kadi ya yule kibarua wa Tanga. Siku ya mwisho aliichomoa kwenye trei akaitia ndani ya shati.

"Kaisome," akasema.

*

Usiku ule niliisoma. Si kazi ngumu ukishajua utaratibu, ambao umekaa hivyo tangu enzi za kampuni iliyotokana na Herman Hollerith, Mmarekani aliyetumia kadi za matundu kuhesabu sensa ya nchi yake ya 1890. Kadi ina safu wima 80, kila moja na nafasi 12 kutoka juu mpaka chini. Tarakimu ni tundu moja: sita ni tundu kwenye mstari wa sita. Herufi ni matundu mawili, moja la juu linaloonyesha kundi na moja la chini linaloonyesha nafasi ndani ya kundi. A mpaka I wanatumia mstari wa juu kabisa, J mpaka R wa pili, S mpaka Z wa tatu, ule wa sifuri. Nililaza kadi juu ya karatasi nyeupe, nikawasha tochi ya simu, nikaanza kuhesabu kwa ncha ya kijiti cha kiberiti.

Sifuri na tatu: T. Juu kabisa na moja: A. Mstari wa pili na tano: N. Juu na saba: G. A tena.

TANGA.

Sijui nikueleze vipi, msomaji. Nimesoma hati nyingi za kale kwa sababu ya kazi hii, lakini hakuna iliyonishika koo kama neno TANGA lililotoka kwenye karatasi isiyo na wino hata tone. Nilikaa kidogo. Kisha nikaenda kwenye safu za pesa, zilizohesabiwa kwa senti.

Sita. Mbili. Moja. Sifuri. Sifuri.

Nikarudia. Nikarudia tena nikianzia upande wa pili. Ilikuwa 621.

Sasa basi. Mtu amekaa na kadi miaka zaidi ya hamsini ndani ya kitabu anachokiheshimu kuliko vyote, anakupa, anakwambia kaisome, nawe unaisoma unakuta inamshitaki. Kilichotobolewa ndicho kilicholipwa. Mashine haikukosea, na wala Mwingereza hakukosea. Nililala vibaya. Nilijiambia labda amesahau matundu yanasema nini. Nilijiambia labda aliichukua ili wasiione. Nikawaza asubuhi nimwambie kwamba imechakaa mno, haisomeki.

Uandishi wa habari una ugonjwa mmoja, huwezi kuacha kitu kikiwa nusu. Saa tisa usiku nilikuwa bado nimeshika simu, nasoma miongozo ya mashine za IBM ambayo wapenda historia wameipiga picha na kuihifadhi kwenye maktaba ya mtandaoni iitwayo Bitsavers. Ni usomaji mkavu, usiutamani. Lakini mle nikajifunza kitu ambacho mjomba hakukitaja mchana kutwa: kadi haikuwa ikienda moja kwa moja kwenye kompyuta. Kwanza ilipelekwa kwa mtu wa pili, aliyekaa kwenye mashine inayofanana na ile ya kwanza, lakini ambayo haitoboi. Inaitwa verifaya. Mtu huyo alipewa fomu ileile na kadi ileile, akabonyeza yote upya kutoka kwenye fomu. Alichobonyeza kikilingana na matundu, kadi inasogea. Kisipolingana, taa inawaka. Anajaribu tena. Ikishindikana mara ya tatu, mashine inakata kijipengo juu ya safu yenye kosa. Na kadi ikipita yote salama, inakatwa kijipengo kidogo kwenye ukingo wa kulia.

Nikaigeuza kadi ya mjomba kwenye mwanga.

Ukingo wa juu ulikuwa mzima kabisa. Ukingo wa kulia ulikuwa na kijipengo, mkato laini wa nusu duara. Nilikuwa nimekiona mara elfu. Siku zote nilidhani ni panya.

Yaani mtu wa pili, akiwa na fomu mbele yake, naye alibonyeza sita, mbili, moja. Inawezekana wawili wakageuza tarakimu zilezile kwa namna ileile. Inawezekana. Lakini kinachoingia akilini zaidi ni kwamba fomu yenyewe ilisema 621.

*

Asubuhi nilimsubiri amalize kunywa uji. Nikamwambia nimeisoma. Akatikisa kichwa. Nikamwambia nimeuona na ule mkato wa pembeni.

Akanyamaza muda mrefu. Bodaboda ilipita, akangoja mpaka sauti yake iishe.

"Verifaya alikuwa nani, Mjomba?"

Akanitajia jina, na palepale akanikataza kuliandika. Alikuwa dada mmoja wa Kilosa, mtoto wake ana miezi minne, mume hayupo. Wakati ule mama wa mtoto mchanga ofisini alikuwa anahesabiwa siku kama mkopo. Mjomba alisema siku alipoitwa, kadi ilikuwa mezani, na ule mkato ulikuwa unamtazama. Kama angeugusa kwa kidole tu na kusema "mbona imehakikiwa," ingebidi aitwe na yule dada, aulizwe, na kosa lingekuwa la watu wawili badala ya mmoja.

"Ungesema fomu ndiyo mbovu," nikamwambia. "Fomu ingeletwa."

"Fomu nani aliisaini?"

Sikujibu.

"Msimamizi," akasema.

"Kwa hiyo msimamizi alijua maana ya ule mkato?"

"Mwanangu, yeye ndiye aliyetufundisha."

Kuna kisa ambacho wapenda kompyuta wanakipenda sana. Mwaka 1947, kwenye mashine iitwayo Mark II ya Chuo Kikuu cha Harvard, mafundi walimkuta nondo amekwama ndani, wakambandika kwenye daftari la kazi na kuandika kwamba huyu ndiye mdudu halisi wa kwanza kupatikana. Daftari na nondo wake vimehifadhiwa makumbusho ya Smithsonian, Washington. Kosa la mashine lina makumbusho. Nilikuwa nimekiweka kisa hicho kwenye makala yangu pia, aya ya kwanza, kwa ajili ya kuchekesha.

Nilimuuliza kama aliwahi kumwona tena yule dada. Mara moja, akasema, stesheni ya Dodoma, miaka ya 80, treni imesimama. Yule dada alimnunulia zabibu dirishani. Hawakuzungumzia ofisi. Mtoto alikuwa mkubwa, amevaa sare ya sekondari.

Baadaye alinionyesha leja zake za asali, zimefungwa kwa kamba ya katani chini ya kitanda. Miaka ishirini na sita ya madumu na uzito. Kila tarakimu iko ndani ya kisanduku chake, sifuri zote zimewekwa mkia wa mkasi katikati ili zisichanganywe na herufi O, kama walivyofundishwa kujaza fomu za kadi. Wafugaji nyuki wa vijijini waliokuwa wanaleta asali hawakujua kwa nini karani yule anaandika kwa ajabu hivyo. Walichojua ni kwamba kwa huyu hesabu haibishaniwi. Kwenye kila ukurasa, pembeni kulia, kuna alama ndogo ya nusu duara kwa penseli. Nikamuuliza ni nani aliyekuwa anahakiki.

"Mimi mwenyewe," akasema. "Napiga mara ya pili kesho yake, nikiwa nimeshasahau."

Makala niliipeleka ikiwa na maneno 800 kama ilivyotakiwa. Aya ya nne niliifuta, na nondo nikamwacha huko kwao. Mhariri aliuliza utani umekwenda wapi. Nikamwambia haukuhakikiwa, hakuelewa, akaichapa hivyohivyo. Mjomba hayumo. Humu yumo kwa sababu nilimsomea rasimu yote kwenye simu juzi, sentensi kwa sentensi, naye akaondoa mbili na kusahihisha mwaka mmoja.

Siku ya kuondoka Kanyenye nilitaka kuipiga kadi picha. Akaniruhusu, lakini kwanza akaitaka mkononi. Akaiweka kwenye goti, akapitisha kidole gumba polepole kutoka kushoto, akihesabu safu kwa kunong'ona, akisimama, akipanda na kushuka, jicho lake la kushoto limefumbwa kabisa. "Te," akasema. "Ei. Eni." Akaruka mbele. "Sita. Mbili. Moja." Gumba likaendelea mpaka ukingoni, likauzunguka ule mkato, likarudi, likauzunguka tena.

Kisha akairudisha kwenye Yasin na kuniuliza kama treni ya Mwanza imeshapita.